Kumpima mshirika wa biashara kwa kumbukumbu za umma

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mtu niliyefahamiana naye kwa miezi minane amenialika tuanzishe kampuni pamoja. Mimi nitatoa sehemu kubwa ya mtaji, yeye ataleta uzoefu na wateja. Anasema aliwahi kuendesha kampuni mbili, ana shahada ya uhasibu, na ana jengo ambalo yuko tayari kuliweka dhamana. Sina sababu ya kumshuku, lakini sitaki kutoa akiba yangu kwa maneno matupu. Je, naweza kumchunguza mwenyewe kwa kumbukumbu za umma, bila kuvunja sheria na bila kumvunjia heshima?"

Ndugu muulizaji, unaweza, na namna ulivyoliandika swali lako imekwisha kukuonyesha pa kuanzia. Bwana huyu amekupa madai manne: kampuni mbili alizoziendesha, shahada, jengo, na wateja. Matatu ya mwanzo yana ofisi zinazotunza karatasi zake. La nne halina, nami nitalirudia. Wengi wanaofanya upekuzi wa namna hii huanza kwa kuliandika jina la mtu kwenye intaneti wakitumaini kwamba siri fulani itajitokeza yenyewe, na baada ya saa tatu huwa na picha ishirini, uvumi mmoja, na wasiwasi mkubwa kuliko waliokuwa nao walipoketi. Nakushauri uanzie upande wa pili. Yaandike yale aliyokueleza kwa kinywa chake, kisha uende ukaone kama kumbukumbu zinakubaliana naye. Kazi ikifanywa hivyo inakuwa na mipaka, kwa sababu unajua unachokitafuta, na inakuwa ya haki kwake, kwa sababu humpimi kwa jambo ambalo hakulidai wala halihusiani na fedha zako.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Karatasi haiwi kumbukumbu ya umma kwa sababu tu imo katika ofisi ya serikali. Inakuwa hivyo pale sheria inapomruhusu mtu asiyehusika nayo kuiona. Faili la mgonjwa hospitalini ni la serikali, lakini si lako kulisoma. Mpaka huo umechorwa mahali tofauti katika kila nchi. Uswidi iliiweka haki ya raia kuzisoma nyaraka za serikali katika sheria ya uhuru wa uchapishaji ya mwaka 1766. Nchini Norwei mtu anaweza kutafuta kipato cha mwenzake kilichotozwa kodi, ila tangu mwaka 2014 anayetafutwa huweza kuona ni nani aliyemtafuta, jambo ambalo nadhani lingewapoza wapekuzi wengi kama lingeigwa kwingineko. Daftari la ardhi la Uingereza na Wales liko wazi kwa yeyote tangu mwaka 1990, lakini nchini Ujerumani anayetaka kulitazama lazima aonyeshe kwamba ana maslahi halali katika ardhi hiyo. Nchini Ufaransa hukumu huchapishwa zikiwa zimeondolewa majina ya watu binafsi, ilhali mahakama nyingi za Marekani huziacha na majina yote. Kwa hiyo, kabla hujatafuta chochote, jiulize karatasi za mtu huyu ziko katika nchi gani, na kama ameishi katika nchi mbili au tatu, ujue kwamba una kazi mbili au tatu, kila moja na kanuni zake.

Sheria inakuhusu wewe pia, wala si wenye ofisi peke yao. Kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2018, huwasamehe watu wanaoshughulika na taarifa za wengine kwa mambo ya nyumbani kwao tu, na uwekezaji wa fedha katika kampuni si jambo la nyumbani. Kenya ilitunga sheria yake ya namna hiyo mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Nchini Marekani, sheria iitwayo Fair Credit Reporting Act, ya mwaka 1970, inasema kwamba ripoti juu ya mtu iliyotayarishwa na kampuni inayofanya biashara hiyo haiwezi kutolewa ila kwa sababu zilizotajwa na sheria, na ikiwa ni kwa ajili ya kumwajiri, sharti akubali kwa maandishi. Tovuti nyingi zinazouza "historia kamili ya mtu yeyote" huandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa kwamba taarifa zao zisitumike kuamua ajira, mkopo wala upangaji wa nyumba. Soma herufi hizo ndogo kabla hujalipa, maana aghalabu zinakwambia kuwa muuzaji mwenyewe hayuko tayari kuisimamia bidhaa yake.

Sababu ya masharti haya ni nzito kuliko urasimu. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake mjini Los Angeles na mtu aliyekuwa akimfuatilia, ambaye alikuwa ameipata anwani yake kupitia mpelelezi wa kulipwa aliyeichota katika kumbukumbu za idara ya magari ya California. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzifunga kumbukumbu hizo. Nalitaja tukio hilo kwa sababu anayefanya upekuzi kwa nia njema hukanyaga njia ileile, na hupaswa kujua kwa nini baadhi ya milango yake imefungwa.

Njia iliyo safi kuliko zote ni kumwambia. Mwambie kwamba kabla hujatoa mtaji utathibitisha mambo kadhaa kwa wasajili, na kwamba yeye naye ana haki ya kukufanyia vivyo hivyo. Kisha mpe wewe kwanza jina lako kamili, tarehe yako ya kuzaliwa na orodha ya biashara ulizowahi kuwa nazo. Mwombe jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, majina mengine aliyowahi kuyatumia, tarehe ya kuzaliwa, namba za usajili za zile kampuni mbili, jina la chuo na mwaka aliohitimu, na namba ya hati ya jengo. Akikupa vyote, umeokoa wiki nzima ya kubahatisha. Akisita, usiharakishe kuhukumu, kwa kuwa wapo watu wenye sababu za haki za kuficha anwani zao, hasa waliokimbia ukatili. Lakini mtu anayekuomba mtaji na hataki kukutajia namba ya kampuni anayojivunia kuiendesha, huyo amekwisha kukupa jibu moja bila wewe kwenda ofisi yoyote.

Sasa nije kwenye sehemu inayowashinda wengi, nayo ni kujua kwamba karatasi uliyoishika inamhusu mtu wako na si mwenye jina lake. Niliwahi kumwandikia mteja kwamba mtu ambaye mteja huyo alitaka kumkopesha fedha alikuwa na hukumu ya deni ambayo haijalipwa. Majina matatu yalilingana, mji ulilingana, na hata umri ulikaribiana. Mteja akavunja mazungumzo. Wiki mbili baadaye ikabainika kwamba mdaiwa katika lile faili alikuwa ni binamu wa mtu wetu; wote wawili walipewa jina la babu mmoja, na baba zao waliitwa majina yanayofanana. Sikuwa nimetafuta tarehe ya kuzaliwa katika hati ya madai, na kama ningeitafuta nisingeikuta, lakini hapo ndipo nilipopaswa kusimama badala ya kuendelea. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: jina pekee, hata likiwa la watu adimu, halithibitishi chochote. Nataka alama mbili nyingine zinazojitegemea, kama vile tarehe ya kuzaliwa na anwani ya zamani, au namba ya usajili wa taaluma na saini, na nataka pasiwe na alama yoyote inayopinga. Alama moja inayopinga, kwa mfano faili linalosema mshtakiwa alikuwa gerezani katika mwaka ambao mtu wako alikuwa akisaini hesabu za kampuni yake katika nchi nyingine, ina uzito kuliko tatu zinazokubaliana.

Alama hizo zinazidi kuwa haba, kwa kuwa wenye masjala wanazificha ili kuwalinda watu dhidi ya wizi wa utambulisho. Tangu mwaka 2007 kanuni za mahakama za shirikisho nchini Marekani zinataka nyaraka zinazowekwa wazi zitaje mwaka tu wa kuzaliwa, na tarakimu nne za mwisho tu za namba ya hifadhi ya jamii. Companies House, ambayo ni ofisi ya msajili wa kampuni ya Uingereza, huonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwa mkurugenzi, lakini si siku. Ongeza hapo matatizo ya tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja katika masjala tatu, na mtu ambaye jina lake lilihamishwa kutoka maandishi ya Kiarabu, Kirusi au Kichina anaweza kuwa na tahajia tano halali kabisa. Wanawake wengi hubadili jina wanapoolewa au wanapoachika. Baadhi ya makarani hulitanguliza jina la ukoo na wengine huliweka mwisho. Tafuta kila umbo, na uandike kila umbo ulilolitafuta.

Kwenye kampuni zake mbili ndiko nitakakokaa zaidi, kwa sababu huko ndiko karatasi zinakosema mengi. Nchi nyingi zina msajili wa kampuni ambaye hutoa, bure au kwa ada ndogo, majina ya wakurugenzi na wanahisa, tarehe ya kusajiliwa, taarifa za kila mwaka na rehani zilizowekwa juu ya mali ya kampuni. Nchini Kenya hati inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa huitwa CR12. Nchini Tanzania kazi hiyo iko chini ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Nchini Uingereza faili la kampuni husomwa mtandaoni bila malipo tangu mwaka 2015. Usiridhike na kuona kwamba kampuni ilikuwapo. Angalia aliingia lini katika ukurugenzi na alitoka lini. Mtu anayesema aliiendesha kampuni kwa miaka sita, ilhali daftari linaonyesha alikuwa mkurugenzi kwa miezi kumi na moja, hajasema uongo lazima, kwa maana huenda alikuwa meneja aliyeajiriwa, lakini ana jambo la kufafanua. Angalia kampuni ilikufa vipi: wanahisa kuifunga kwa hiari huku madeni yamelipwa ni jambo moja, mahakama kuamuru ifilisiwe kwa ombi la wadai ni jambo jingine, na msajili kuifuta kwa sababu haikuwasilisha taarifa kwa miaka ni jambo la tatu, ambalo mara nyingi ni uzembe tu. Angalia pia mpangilio wa tarehe. Mkurugenzi aliyejiuzulu wiki tatu kabla ya kampuni kuanguka, kisha akaanzisha nyingine yenye jina linalokaribiana, katika ofisi ileile na kwa biashara ileile, anastahili maswali mengi kuliko yule aliyebaki hadi mwisho akafilisika nayo.

Binafsi simhesabii mtu dhambi kwa biashara iliyokufa. Aliyewahi kufunga kampuni kwa utaratibu, akawalipa wadai kadiri ilivyowezekana, anaweza kuwa mshirika bora kuliko ambaye hajawahi kupoteza kitu. Ninalolitafuta ni kama alikufichia.

Hata hivyo usilichukulie daftari la msajili kama ushahidi wa ukweli wa kilichoandikwa ndani yake. Kwa muda mrefu Companies House ilipokea majina na anwani bila kuzihakiki, na ilibidi itungwe sheria mpya mwaka 2023 ili msajili apewe uwezo wa kuhoji na kukataa taarifa anazozitilia shaka. Daftari linathibitisha kwamba mtu fulani aliandika jambo fulani siku fulani. Aidha, mwenye hisa anayeonekana anaweza kuwa anamshikia mwingine, na njia ya kumfikia mmiliki halisi imezidi kuwa nyembamba katika Ulaya, kwa kuwa mwezi Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuyafungua madaftari ya wamiliki halisi kwa kila mtu kunakwenda kinyume cha haki ya faragha. Uingereza pia ina orodha ya wakurugenzi waliopigwa marufuku kuongoza kampuni, marufuku inayoweza kufika miaka 15. Kama bwana wako amewahi kufanya kazi huko, orodha hiyo itakuchukua dakika mbili.

Mahakamani kuna hatari ya kusoma vibaya kuliko mahali pengine pote. Hakuna nchi ninayoijua ambako mtu binafsi anaweza kuketi mahali pamoja akaona mashauri yote ya mtu mmoja. Nchini Marekani mfumo uitwao PACER unafungua mafaili ya mahakama za shirikisho, zikiwemo za ufilisi, lakini mashauri mengi zaidi yamo katika mahakama za majimbo, na nchi hiyo ina kaunti zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa na masjala yake. "Utafutaji wa nchi nzima" unaouzwa mtandaoni ni kiraka cha sehemu zilizopatikana. Wewe anza na mahali alipoishi na mahali kampuni zake zilipofanyia kazi, kwa miaka ile aliyokuwapo, kisha nenda kwenye masjala hizo, na inapobidi umtume mtu akalitazame faili lenyewe.

Ukilipata shauri, lisome hadi mwisho wake. Hati ya madai ni maneno ya upande mmoja; yeyote anaweza kumshtaki yeyote. Tazama kama shauri lilifutwa, kama pande mbili zilipatana, kama hukumu ilitolewa na kukatiwa rufaa, na kama ilitolewa, iwapo tuzo ililipwa au mshindi alilazimika kurudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, yaani kumlazimisha aliyeshindwa alipe. Mfanyabiashara wa miaka ishirini asiyewahi kudaiwa mahakamani ni nadra. Lakini wasambazaji wanne, katika miaka miwili, wote wakidai bei ya bidhaa zilizopokelewa na hazikulipiwa, hao wanasimulia tabia.

Katika jinai uangalifu unazidi. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni vitu vitatu, na ripoti za kununua huvichanganya kila siku. Rekodi ya jinai ya mtu, katika nchi nyingi, si kumbukumbu ya umma. Hutolewa kwa mwenyewe, kwa jina la cheti cha tabia njema au linalofanana na hilo, naye ndiye anayeamua kukuonyesha. Mwombe akilete cheti hicho, kisha ukihakiki kwa njia inayotolewa na mamlaka iliyokitoa. Kumbuka pia kwamba sheria zina usahaulifu wa makusudi: Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1974, huyahesabu makosa mengi kuwa yamekwisha baada ya muda fulani kupita bila kosa jingine, na ile sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kwa kawaida huzuia ripoti kutaja ukamataji uliopita miaka saba. Tovuti za wauza taarifa mara nyingi hubaki na yale ambayo mahakama imekwisha kuyafuta. Ukikuta jambo la namna hiyo, la zamani na lisilohusu fedha, liache lilipo. Na usitegemee orodha ya Interpol ya wanaotafutwa, kwa kuwa ilani nyingi nyekundu hazitangazwi. Kutokuwamo kwa jina lake katika tovuti hiyo hakukuambii kitu.

Ufilisi wa mtu binafsi, kinyume chake, hutangazwa kwa makusudi ili wadai wajue. Pa kutazama ni Gazeti la Serikali la nchi husika na daftari la waliofilisika. Gazeti la serikali la Uingereza, lililoanza kuchapishwa mwaka 1665, lina matangazo hayo, na nchi hiyo ina pia daftari la hukumu za madeni ambamo hukumu hukaa miaka sita.

Jengo lisikuchukulie muda mrefu, ila lifanye kwa usahihi. Nakala ya hati aliyokuonyesha ni ya kukupa namba tu; utafutaji wenyewe uombe moja kwa moja kutoka masjala ya ardhi, kwa jina lako au la wakili wako. Tazama jina la mmiliki, na kama ni la kampuni, ndugu au mwenzi wake, basi si yeye wa kuliweka dhamana peke yake. Tazama rehani zilizopo, mazuio yaliyowekwa na wadai au wanafamilia, na kama ni ardhi ya kupangishwa na serikali, miaka iliyobaki. Jengo lenye rehani ya benki tayari linaweza kuwa na thamani kubwa na bado lisikuachie chochote. Rudia utafutaji siku ya kutia saini, kwa sababu matokeo ya mwezi uliopita yanasema hali ya mwezi uliopita.

Shahada huthibitishwa na chuo, na vyuo vingi havitakujibu bila ridhaa yake iliyoandikwa. Nchini Marekani kazi hiyo kwa vyuo vingi hufanywa na National Student Clearinghouse, na nchini Uingereza na huduma iitwayo HEDD. Anwani na namba ya simu ya chuo zitafute mwenyewe. Usitumie zile zilizochapwa kwenye cheti, kwa kuwa wauza shahada bandia huweka na simu yenye mtu wa kupokea na kuthibitisha. Vilevile tofautisha shahada na leseni. Kama anasema ni mhasibu aliyesajiliwa, bodi ya wahasibu ya nchi yake ndiyo yenye daftari, na bodi nyingi huchapisha maamuzi ya nidhamu dhidi ya wanachama wao. Katika uzoefu wangu daftari la taaluma husaidia kuliko cheti cha chuo, maana cheti kinasema alichokijua siku ile, na daftari linasema kama wenzake bado wanamkubali leo.

Kuna orodha chache za kimataifa zinazotazamwa haraka: ya vikwazo ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ya Wizara ya Fedha ya Marekani, na ya Benki ya Dunia ya kampuni na watu waliozuiwa kupata zabuni za miradi yake. Hapo ndipo majina yanayofanana huleta fedheha kubwa zaidi, kwa hiyo rudia sharti la alama mbili.

Intaneti inakuja mwisho, na ina kazi moja nzuri. Hazina iitwayo Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ina nakala za zamani za tovuti, na unaweza kuona kampuni yake ilijieleza vipi miaka ile, ilitaja wateja gani, na ilimtambulisha yeye kwa cheo gani. Hapa ndipo tunapolifikia lile dai la nne. Hakuna masjala ya wateja. Utalazimika kuzungumza nao, kwa ruhusa yake, na kwa jina lako halisi. Usijifanye mteja mwingine, karani wa benki wala rafiki wa zamani. Kujipatia taarifa za fedha za mtu kwa kujifanya mwingine ni kosa nchini Marekani kwa sheria ya mwaka 1999, na rekodi za simu ziliongezewa ulinzi wa namna hiyo mwaka 2006. Nchi nyingine zina makosa yanayolingana. Kuingia katika akaunti yake ni uhalifu pote ninapopajua.

Katika muda wote huu weka daftari lako mwenyewe: umeuliza ofisi gani, siku gani, kwa tahajia zipi, na kumbukumbu za ofisi hiyo zinaanzia mwaka gani. Utaona faida yake utakapofika mwisho ukiwa mikono mitupu. "Hakuna kilichopatikana" maana yake ni kwamba hakikupatikana mahali pale, kwa jina lile, katika miaka ile iliyowekwa kwenye kompyuta. Masjala nyingi zimeingiza miaka ya karibuni tu na za zamani bado zimo makabatini. Ukimwandikia wakili wako kwamba mtu huyu ni safi, umesema zaidi ya ulichokiona; mwandikie ulikotazama.

Ukikuta hitilafu, mpelekee mwenyewe kabla hujaamua. Sheria ya Marekani humlazimisha mwajiri anayetaka kumkataa mtu kwa sababu ya ripoti kumpa kwanza nakala yake, na hata pale ambapo sheria haikulazimishi ni utaratibu unaofaa kuiga, kwa kuwa karani hukosea, mafaili huchanganywa, na kuna binamu wenye majina mamoja. Mwaka mmoja kupishana katika tarehe ya kuhitimu ni kusahau. Shahada ambayo chuo hakijawahi kuitoa si kusahau, na kwangu ingetosha kuyamaliza mazungumzo hata kama jengo ni lake na halidaiwi.

Mambo ambayo hakuyadai na hayahusu fedha zako, kama ndoa yake, afya yake na watoto wake, usiyatafute, na ukiyakuta kwa bahati usiyaandike. Karatasi ulizozikusanya ziweke mahali pamoja penye kufuli, usizisambaze kwa simu, na uzichane mkishaachana au mkishasaini. Kabla ya kusaini, mwambie wakili ayaingize yale madai manne katika mkataba wa ubia kama maelezo anayoyathibitisha yeye mwenyewe, pamoja na namba za kampuni, namba ya hati na majina ya wateja, na aandike kwamba yakibainika kuwa si kweli una haki ya kujitoa na kurudishiwa mtaji wako. Yale ambayo masjala hazikuweza kukujibu ndiyo yanayohitaji zaidi kifungu hicho.